Sumaku ya Dunia Imekubali Kupimwa

(Maneno ya Mkurugenzi wa Idara ya Upimaji wa Sumaku ya Dunia kwa Njia ya Anga, aliyoyatoa kwenye uwanja wa nyuma wa idara, siku ya uzinduzi. Kipaza sauti kimekubali kufanya kazi baada ya kupigwa kofi la tatu.)

Halo. Halo. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma? Wanaonisikia wapige makofi, na wasionisikia wapige pia, kwa imani. (Makofi.)

Kabla sijawataja kwa vyeo vyenu, niruhusuni nianze na mimi mwenyewe, maana mwenye nyumba ndiye anayewasha taa. Mimi, ndugu zangu, ni mtu mwenye bahati ya kutisha. Wenzangu bahati yao ni ya kuokota kitufe barabarani. Yangu mimi inatangulia mbele kufungua milango, na mlango ukileta ubishi inaung'oa. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Nikaingia idara hii kama mtunza stoo, nikahesabu mafagio kwa uaminifu mkubwa, na leo hii wenye mafagio wanasimama nikipita. Lakini bahati kubwa kuliko zote ni hii: asubuhi ile setelaiti yetu ilipotuma ishara yake ya kwanza kutoka angani, wataalamu wote walikuwa wamekwenda kunywa chai, na chumbani alikuwepo nani? (Sauti: "Wewe!") Mimi! Peke yangu! Mashine ikalia ti-ti-ti, nami nikaiitikia: "Naam." Mtu wa kwanza kuitwa na sumaku ya dunia akaitika! (Makofi, vigelegele viwili, kimoja kimechelewa.)

Sasa itifaki. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Katibu wa Wizara, mwenye dhamana ya kila kilicho juu ya vichwa vyetu. Waheshimiwa wenyeviti wa kamati saba za setelaiti. Waheshimiwa makamu wenyeviti wa kamati hizo hizo. Waheshimiwa wajumbe mliokuja kwa sababu mlisikia kuna soda. Dada yangu mkubwa, uliyeketi mstari wa mbele ukinisahihisha kwa macho kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa nakojoa kitandani (kicheko), na naomba hilo lisiandikwe. Dereva wangu, mtu wa siri. Fundi wetu wa vipimo, ambaye sote tunamwita Bi Dira, kwa kuwa hata umzungushe vipi uso wake utarudi kuelekea kwenye kibanda chake cha mbao kile pale. Na ndugu mwendesha greda, ambaye sijui nani amekualika, ila naona umekuja na greda lako, karibu sana, mgeni njoo mwenyeji apone. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dunia hii tunayoikanyaga ni sumaku. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilikataa. Nikasema, mbona kijiko changu hakianguki kwa nguvu zaidi? Nikaelimishwa. Ndani kabisa ya dunia kuna chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kama uji kwenye sufuria, na mzunguko ule unazaa sumaku inayotoka huku na kuingia kule, ikatufunika sote kama neti ya mbu, na mbu wenyewe ni cheche zinazorushwa na jua. Neti hiyo haitulii. Mwaka huu inalegea hapa, mwaka ujao inakaza pale. Asiyeipima hajui amelala ndani ya neti au ndani ya tundu. Ndiyo maana idara yangu, katika frameweki ya stratejia shirikishi ya miaka mitano yenye kuangalia impakti, iliamua kwa kauli moja kuipima kutoka juu, kwa setelaiti yenye chombo kiitwacho magnetometa, yaani kipima sumaku, ambacho kinahesabu kwa nanotesla. Nanotesla ni kipande cha sumaku kidogo kiasi kwamba ukikidondosha huinami.

(Mgeni Rasmi anaandika kitu. Mkurugenzi anaona anaandikwa, anaongeza sauti.)

Na magnetometa haikai tu popote, jamani! Setelaiti yenyewe ina nyaya, ina betri, ina umeme wake. Ukikiweka kipimo katikati yake kitapima tumbo la setelaiti badala ya dunia. Kwa hiyo chombo kinawekwa kwenye ncha ya mkono mrefu, mbali na mwili, kama mtu anayeshika nepi. (Kicheko.) Huo ndio utaalamu. Na kabla ya kupanda juu lazima kijaribiwe hapa chini mahali pasipo na chuma hata kidogo, ndiyo maana ya kile kibanda. Kile kibanda, waheshimiwa, hakina msumari wa chuma hata mmoja. Misumari ni ya shaba, bawaba za mlango ni vipande vya ngozi, kiti kimeunganishwa kwa gundi na dua. Ukiingia unavua saa, unatoa funguo, unavua mkanda. Bi Dira hana huruma na cheo. Mimi mwenyewe nimeingia mle nikiwa nimeshika suruali kwa mkono wa kushoto na hadhi yangu kwa mkono wa kulia, na nawaambia kweli, suruali ndiyo iliyokuwa salama zaidi. (Kicheko kirefu. Dada yake anajifunika uso na mkoba.)

Sasa takwimu, maana projekti bila takwimu ni hadithi. Tangu setelaiti yetu ianze kazi, imetuletea vipimo kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne. Zile nne ni moyo wa kujitolea. Kamati saba zimekaa vikao mia mbili na kumi na kimoja. Kapasiti imejengwa. Monitaringi imefanyika, na wanaofanya monitaringi nao wamefanyiwa monitaringi. Na namba yenyewe hii hapa, ya leo asubuhi, imetoka angani ikiwa bado ina baridi: nanotesla elfu thelathini na tatu, mia nne na kumi na nane! (Makofi. Anayepiga zaidi ni mwendesha greda.)

Asante, ndugu yangu. Huyu anajua sumaku.

Lakini si hayo tu. Nina jambo ambalo nililificha kwa ajili ya siku ya leo, hata mke wangu hajui. Setelaiti yetu imefanya ugunduzi. Katika karatasi za vipimo nimeona kwa macho yangu haya, bila miwani, wimbi la sumaku ambalo halijaandikwa kwenye kitabu chochote nilichofungua. Wimbi hili linakuja kila siku ya kazi saa nne na robo asubuhi, linapandisha namba ghafla, linakaa, halafu linatoweka saa sita kasoro dakika kumi. Jumamosi halipo. Jumapili halipo. Ijumaa, cha ajabu, nayo halipo. Mwezi wa nane wote halikuonekana kabisa. Kwa mamlaka niliyonayo nimelipa jina: Wimbi la Mkurugenzi!

(Dereva anacheka, anajaribu kuzuia, anashindwa.)

Dereva, una nini?

("Mkubwa, nisamehe. Hilo si ni gari letu?")

Gari gani?

("La kwako, mkubwa. Tunafika saa nne na robo, napaki kivulini pale ubavuni mwa kibanda. Saa sita kasoro tunaondoka. Ijumaa huji. Mwezi wa nane ulikuwa likizo.")

(Uwanja mzima unacheka. Mwenyekiti wa kamati ya tano anapiga meza. Bi Dira peke yake hacheki, anatazama greda.)

Tulieni. Tulieni, jamani. Cheka cheka nyingi huishia kilio. Kwanza, dereva, nimekuita mtu wa siri mbele ya watu dakika kumi zilizopita, umeshaniangusha. Pili, hebu fikirini, mnaocheka. Setelaiti iko angani, mbali kuliko mawingu, na bado imeliona gari langu likiwa limepaki kivulini! Huo ni udhaifu au ni ukali wa macho?

(Mgeni Rasmi: "Ni ukali, Mkurugenzi. Safi sana. Kwa kweli sikutegemea kama imefikia kiwango hicho.")

Mmesikia? Mheshimiwa amesema safi. Aliyecheka ameze. Na mimi sasa naelekea ukingoni mwa hotuba yangu, umebaki ukurasa mmoja na nusu, nisiwachoshe. Baada yangu, kwa mujibu wa ratiba niliyoiidhinisha kwa mkono wangu, kutakuwa na... (Anaikunjua ratiba.) Kufunua kitambaa kilichofunika mfano wa setelaiti. Vizuri. Soda. Vizuri sana. Na namba tatu... "Kubomolewa kwa kibanda cha mbao ili kupisha maegesho ya magari ya idara, kwa kuwa kazi zote za kibanda hicho sasa zinafanywa na setelaiti."

(Anasoma tena, midomo ikitembea bila sauti.)

Nani ameandika hii?

("Barua ya wizara, mkubwa, ya kuondoa majengo yanayofanya kazi moja. Sahihi ya kukubali ni yako," anasema dereva. "Uliisaini garini. Ulisema nikuwekee tu karatasi, usome baadaye.")

Ahaa.

(Greda linawashwa. Linaguruma. Moshi unapita juu ya viti vya wageni. Bi Dira anasimama. Ni mwanamke mfupi aliyevaa ndala za plastiki na gauni la kufunga kwa kamba, lisilo na zipu wala kifungo cha chuma. Haongei kwa kipaza sauti, lakini anasikika.)

("Mheshimiwa Mgeni Rasmi, samahani kukatiza. Tangu hilo greda liingie getini, kipimo changu kimesogea nanotesla kumi na mbili. Hiyo naweza kuiandika pembeni, nikaiondoa. Lakini kibanda kikienda, hakuna cha kuandika. Nimepima mle kila siku kwa miaka kumi na miezi minne. Jua lina pumzi yake, linavuta na kutoa kwa miaka kama kumi na moja, na sumaku ya dunia inayumba nayo. Nimebakiza miezi minane kuikamata pumzi moja nzima, mahali pamoja, kwa kipimo kimoja. Ukikihamisha hata hatua thelathini, namba hazifuatani tena. Siwezi kuanza upya. Miezi minane hiyo ikiisha, ninastaafu.")

Bi Dira, kaa mama. Kaa dada yangu. Hili nalishughulikia. Ndugu wa greda, zima kwanza hicho kitu, tuongee kama watu. (Greda linazimwa.) Mheshimiwa Mgeni Rasmi, idara inapendekeza, kwa unyenyekevu na kwa mujibu wa busara, kwamba kibanda kibaki kama... kama kumbukumbu. Makumbusho! Watoto wa shule waje waone jinsi mababu walivyokuwa wakipima wakiwa wameshika suruali.

(Mgeni Rasmi: "Mkurugenzi, waraka hauna makumbusho. Vitu viwili haviwezi kufanya kazi moja. Setelaiti ipo au haipo?")

Ipo, Mheshimiwa.

("Inafanya kazi?")

Kwa asilimia mia moja na nne.

("Basi kibanda cha nini? Endelea na hotuba yako. Ukimaliza tu, greda linaingia, mimi nina kikao kingine.")

(Mkurugenzi anatazama ukurasa mmoja na nusu uliobaki mkononi mwake. Anauweka chini. Anakunywa maji, glasi nzima, polepole.)

Waheshimiwa. Sasa ndiyo naanza hotuba yangu.

(Minong'ono.)

Yale ya mwanzo yalikuwa utangulizi. Naomba tuanze na historia ya idara hii tangu ilipokuwa meza moja na kiti kisichokuwa na mgongo. Siku ya kwanza tulipokea mafagio kumi na mbili. La kwanza lilikuwa na mpini wa kijani. La pili nalo lilikuwa na mpini wa kijani, lakini wa kijani tofauti, na hapo ndipo nilipojifunza umuhimu wa kutotazama vitu kwa jumla. La tatu... (Mwenyekiti wa kamati ya pili anatazama saa.) La tatu tutalirudia. Sasa niwataje wajumbe wa kamati saba, mmoja mmoja, na mchango wa kila mmoja. Kamati ya kwanza, Kamati ya Jina. Iliundwa kuipa setelaiti jina, ikakaa vikao arobaini, ikaipa jina la muda, ikaomba iundwe kamati ya pili, ya kulithibitisha. Kamati ya tatu ilikuwa ya rangi. Mwenyekiti alitaka fedha, makamu akataka rangi ya ziwa asubuhi, tukalazimika kwenda ziwani, asubuhi, kuangalia. Tulikuta ukungu. (Kicheko kidogo. Mtu anapiga mwayo.) Ya nne ilikuwa ya bendera. Ya tano ilikuwa ya picha yangu, ibandikwe ubavu gani wa setelaiti. Tuliamua ubavu wa juu. Bi Dira akauliza fremu ni ya nini, tukasema chuma. Akasema basi tafuteni setelaiti nyingine ya kuibeba hiyo picha. Mama huyu! Alinikatalia mbele ya wajumbe kumi na sita, mimi niliyemsainia ruhusa ya likizo! Niliudhika siku tatu. Siku ya nne nikampelekea boksi la misumari ya shaba, kwa sababu nilisikia mlango wake unalegea. Hilo pia lisiandikwe.

(Bi Dira anatabasamu kidogo, halafu anakumbuka kwamba hajafurahi.)

Kamati ya sita... Kamati ya sita ilikuwa... Jamani, kuna mwenye swali? Hakuna? Hata moja? Ndugu wa greda, wewe ulipiga makofi vizuri sana, huna swali?

("Ninalo, mkubwa," anasema mwendesha greda. "Mimi sijasoma. Lakini umesema hapo mwanzo setelaiti imepima elfu thelathini na tatu, mia nne na kumi na nane. Nilipofika nilienda kuuliza choo, nikapita pale kibandani, kwenye ubao wa nje imeandikwa kwa chaki namba hiyo hiyo. Kumi na nane kwa kumi na nane. Sasa huko juu na hapa chini ni sawa?")

Hiyo inaitwa konsistensi.

("Si sawa," anasema Bi Dira, na sauti yake imeshuka. "Ukienda juu, sumaku inapungua. Ungekuwa huko, ungeona ndogo zaidi, kwa maelfu. Haiwezi kuwa ile ile.")

Ahsante, Bi Dira, kwa ufafanuzi ambao sikuuomba.

(Mgeni Rasmi anavua miwani. "Mkurugenzi?")

Nakuja, Mheshimiwa. Kamati ya sita, nilikuwa nasema, iliundwa ili... Kamati ya sita... (Anapekua karatasi. Ni nyeupe upande wa pili. Anageuza tena.) Tuimbe wimbo, jamani? Hapana.

(Dada yake mkubwa anaongea kutoka mstari wa mbele bila kusimama: "Wewe mdogo wangu. Hivyo ndivyo ulivyosimama siku ile ulipovunja chungu cha mama. Ulieleza historia ya chungu mpaka magharibi. Sema tu, tukapumzike.")

Dada, si mbele ya Katibu wa Wizara!

("Katibu naye ana dada.")

(Mgeni Rasmi anakohoa. Greda linawashwa tena. Bi Dira amevua ndala na kuanza kutembea kuelekea kibandani, kama mtu anayekwenda kukaa na mgonjwa.)

Ngoja. Bi Dira, ngoja. Ndugu, zima. Zima, nakuomba, si kwa cheo. (Greda linazimwa.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu nimeirefusha kwa kurasa kumi na nne, lakini leo imefika ukutani. Nitasema haraka kabla bahati haijanizuia. Miaka mitatu iliyopita tuliletewa barua. Wenzetu wa mbali walikuwa na roketi, wakasema kuna nafasi moja ndogo, kama ya boksi la viatu, leteni kipimo chenu, sisi tutawajengea setelaiti ya kukibebea, jibuni ndani ya siku tisini. Kipimo kilikuwepo! Bi Dira alishakitengeneza kwa mkono wake mle kibandani, amezungusha nyaya nyembamba kuliko unywele, uzi kwa uzi, na kukipima tena na tena. Kilichokuwa kinatakiwa ni jibu. Mstari mmoja: "Ndiyo, asanteni." Mimi nikaona mstari mmoja hauendani na hadhi ya idara. Nikaunda kamati. Kamati ya sita, kama mnataka kujua, ndiyo ilikuwa ya kuandika jibu. Ya saba ilikuwa ya kulipitia. Siku jibu lilipokuwa tayari, lina mihuri mitatu, na picha yangu, roketi ilikuwa imeshaondoka miezi minne kabla.

(Hakuna anayecheka.)

Niliona haya kusema. Mtu niliyetoka kwenye mafagio, watu wameshanipongeza barabarani, mke wangu ameshawaambia majirani. Nikasema, wiki ijayo nitasema, nikakifungia kipimo kile kabatini, nikamwambia Bi Dira kimepanda juu. Kila asubuhi Bi Dira alikuwa anapitisha karatasi ya vipimo chini ya mlango wangu. Nilikuwa naikata ile sehemu ya juu iliyoandikwa "Kibanda" kwa mkasi, napeleka wizarani. Hesabu zote nilizowasomea ni zake. Hakuna hata moja iliyotoka juu zaidi ya paa lile. Mnaona basi, mimi ndiye niliyekiondoa kibanda kwenye karatasi, nikakiondoa mpaka mkaamini hakina kazi. Greda mmelileta leo, lakini mimi nilianza kubomoa tangu siku ya kwanza ya mkasi.

(Anakwenda kwenye kitu kilichofunikwa kitambaa, anakivuta kwa nguvu. Chini yake kuna tangi la maji lililopakwa rangi ya fedha, na mabawa mawili marefu pembeni.)

("Mbao zangu za kupigia pasi!" anapiga kelele dada yake. "Nimezitafuta tangu Pasaka!")

Nitazirudisha, dada.

("Na rangi hiyo utaitoa kwa ulimi!")

(Kicheko kinapasuka uwanja mzima, na cha kwanza kabisa ni cha Mgeni Rasmi, ambaye anajifuta macho kwa ratiba. Kinapoisha, anasimama.)

("Mkurugenzi. Mimi nimeandika waraka kwamba vitu viwili visifanye kazi moja. Sasa unaniambia hapa pana kitu kimoja tu?")

Kimoja tu, Mheshimiwa. Kile cha mbao.

("Basi waraka wangu haukigusi. Ndugu mwendesha greda, unaweza kwenda. Nenda nalo mbali, umesikia mama amesema linamsogezea kipimo. Na wewe, Mkurugenzi, Jumatatu saa moja kamili ofisini kwangu. Si saa nne na robo.")

Nimesikia, Mheshimiwa.

("Na gari lako lisiegeshwe pale tena.")

(Greda linarudi nyuma, linageuka, linatoka getini. Bi Dira amesimama mlangoni pa kibanda, kipande cha chaki mkononi, anahesabu kwa midomo. Halafu anaandika kwenye ubao wa nje saa na dakika, na anamwinulia Mkurugenzi mkono: namba imerudi mahali pake. Watu wanapiga makofi bila kuambiwa.)

Asanteni. Hayo ndiyo makofi ya kwanza ya leo ambayo sikuyaomba, na si yangu. Kwa kuwa bado nina kipaza sauti mpaka Jumatatu, niruhusuni nimalizie kwa kaulimbiu za idara, nilikuwa nimeandaa tatu, zote zina neno setelaiti, sasa nitazitengeneza hapa hapa. Nikisema Sumaku, mnasema Ipimwe. Sumaku! ("Ipimwe!") Sumaku! ("Ipimwe!") Kamati! ("Ipimwe!") Hapana, kamati zivunjwe. Kamati! ("Zivunjwe!") Miezi minane! ("Bi Dira!") Miezi minane! ("Bi Dira!")

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wenyeviti ambao hadi kufikia jioni hii mtakuwa wenyeviti wa viti vya nyumbani kwenu, dada yangu, dereva wangu, nawashukuru kwa moyo wa dhati kwa kuja kwa wingi, na wengine kwa nguo mpya, kuzindua setelaiti ambayo haijajengwa, haijarushwa, haina jina lililothibitishwa, na haijawahi kuwepo siku hata moja. Soda zipo. Soda ni za kweli, nimezihesabu mwenyewe.

Na ile ishara ya kwanza niliyoiitikia "Naam" peke yangu chumbani, hakuna kitu kilicholia. Asubuhi ile nilikuwa kwa kinyozi. Bahati niliyojisifia sina, na wala sijawahi kuwa nayo, nimewadanganya.